Uliye Mbali na Upeo wa Macho Yangu

Ndugu msomaji, nina malalamiko. Hayahusu serikali wala bei ya dagaa. Yanahusu hadithi zetu, mimi na wewe tunaojiita waandishi chipukizi. Mwezi uliopita nilikaa na rundo la hadithi fupi za vijana wenzangu wa hapa Musoma, nyingine zimeandikwa kwa kalamu kwenye daftari, nyingine zimechapwa vizuri kabisa. Karibu zote zina kijana aliyempenda msichana wa shuleni kwao. Na karibu zote zina shimo, tena shimo lenyewe liko mahali pamoja.

Liko hivi. Aya ya kwanza, kijana anamwona msichana. Msichana ana macho ya kurembua, shingo ya twiga na meno meupe kama theluji, ingawa mwandishi mwenyewe hajaiona theluji. Aya ya pili, kijana halali, hali, na hisabati zimemshinda. Aya ya tatu inaanza: baada ya siku kadhaa wakawa wapenzi.

Hee! Wakawaje wapenzi? Nani alimwambia nani? Alisema nini, wapi, saa ngapi, na mikono yake aliiweka wapi wakati anasema? Msichana alijibu nini? Au alikabidhiwa tu kijana wa watu, kama chenji dukani?

Hilo ndilo shimo ninalolisema. Mwandishi amefika kwenye kina cha maji, akaogopa, akaruka. Na mimi naamini kwamba pale mwandishi anaporuka ndipo hadithi yake ilipokuwa imemkalia kumsubiri.

Hebu twende Mwigobero tukaone kinachorukwa. Kwa asiyepafahamu, Mwigobero ni kata iliyo kando ya ziwa, mjini Musoma. Kuna mwalo wa samaki na kuna kivuko kinachovusha watu kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Shule zikifungwa, wanafunzi wa ng'ambo hukaa pale na matranka yao wakisubiri kuvuka. Sasa msimamishe kijana wako kwenye kivuli cha kibanda cha mama ntilie. Msichana amekaa juu ya tranka lake. Kati yao kuna hatua ishirini.

Hatua ishirini tu, jamani, tena nchi kavu! Mvuvi wa dagaa anaondoka hapohapo usiku wa giza na taa zake, anaingia ziwani mpaka taa za mji zinapotea, na asubuhi anarudi kuuza. Huyu bwana mdogo hatua ishirini zinamshinda mchana kweupe. Kwa nini? Hapo ndipo pa kuandika. Shati alilovaa si lake, kaazima. Nyuma yake washikaji wanamchora, na akipigwa chini habari itafika bwenini kabla yake. Kushoto yupo shangazi wa mtu anauza sato, naye habari zake huwa zinafika nyumbani kabla ya sato mwenyewe kuiva. Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani, Kijita au Kikurya, na anaogopa kuchekwa. Mfukoni ana nauli tu. Na juu ya yote kuna swali kubwa: akisema hapana, mimi nitakuwa nani kesho?

Upande wa msichana nako hatua ni zilezile ishirini, ila gharama yake ni kubwa zaidi. Msisahau kwamba ni Novemba 2021 tu ndipo serikali yetu ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, mvulana alikuwa anacheza na aibu, msichana anacheza na shule yake yote. Ndiyo maana mara nyingi ananyamaza, si kwamba anaringa. Mwandishi anayeruka hatua hizo ishirini anaruka familia, umaskini, lugha, dini na sheria. Halafu anatuambia ameandika juu ya mapenzi.

Tusijidanganye kwamba woga huu tumeuzua sisi. Vitabu tulivyosomeshwa vimeujua siku nyingi. Chukueni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki Januari 2020, ni mtoto wa Namagondo, Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili tunalooga na kufulia. Kitabu chake kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kwa madai kwamba kitawaharibu vijana. Lakini angalieni mambo yanavyoanza. Mvulana, Charles, anamwandikia Rosa barua. Mzee Zakaria, baba yake Rosa, anaijua. Kinachofuata ni kipigo, na kipigo hicho kinampa binti somo moja tu: mwanamume ni kitu cha kuogopwa. Anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, somo la pili hana.

Wengi husoma kitabu hiki kama onyo kwa wasichana: mnaona, alijirahisi, akaangamia. Mimi naona tunamwonea. Kezilahabi anatuonyesha nyumba ambayo hakuna mtu anayeweza kusema neno la kawaida kuhusu kupenda. Baba anasema kwa fimbo. Mama anaogopa. Binti ananyamaza. Na Charles aliyeanza na barua, anaporudi mwishoni akiwa mchumba, hamuulizi Rosa maisha yake yalikwendaje. Anatafuta jibu kwenye mwili wake, asipolipata alilolitaka anamwacha, na Rosa anajiua. Kitabu kinaanza na barua iliyojibiwa kwa fimbo, kinaishia kwenye swali ambalo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliuliza kwa mdomo. Mwandishi hakuruka. Alikwenda mpaka kwenye shimo, akatushika shingo tukachungulia.

Sasa njooni kwa *Ngoswe*, yaani *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, tamthiliya ya Edwin Semzaba ya mwaka 1988. Nani aliyepita sekondari Tanzania asimjue Ngoswe? Karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamkuta Mazoea, binti wa balozi, Mzee Mitomingi. Huyu hana tatizo la hatua ishirini. Mdomo anao, tena wa mjini. Lakini mwisho wake mnaujua: mzee anachukua karatasi za sensa anazitia moto, na kazi ya taifa inakuwa majivu. Darasani tuliambiwa fundisho ni kwamba mapenzi huleta uzembe kazini. Sikatai, hata jina la kitabu linasema hivyo. Ila mimi naongeza la kwangu. Ngoswe anapoongea na Mazoea ni mji ndio unaoongea, na serikali, na ule ukarani. Ngoswe mwenyewe simsikii. Wepesi wa mdomo siyo ujasiri. Mara nyingine ni maficho mazuri kuliko kunyamaza.

Basi jumlisheni. Upande mmoja aliyeandika barua kaleta kipigo, upande wa pili aliyejua kuongea kaleta moto. Kijana wa kawaida, mwenye nia njema na miguu inayotetemeka, ajifunze wapi?

Alijifunza kwenye barua za mapenzi. Na hapa ndipo uhakiki wangu unapoanza kuuma, maana barua hizo ndizo zilizotufundisha wengi wetu kuandika. Mnazikumbuka: karatasi ya katikati ya daftari, maua pembeni, moyo uliochomwa mshale, na manukato ya kuazima. Kisha inakuja ile sentensi ya taifa zima: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Mbali wapi? Msichana amekaa dawati la mbele yako! Unaiona kola ya shati lake. Akikohoa unasikia. Unaweza hata kumwazima rula.

Sentensi hiyo yenyewe haina kosa. Ilikuwa mali ya watu waliokuwa mbali kweli: kijana aliyekwenda migodini akimwandikia mama yake, mume aliyeko Dar es Salaam akimwandikia mkewe aliyebaki kijijini. Umbali ulikuwepo na hofu ilikuwepo, kwa hiyo maneno yalikuwa na kazi. Shaaban Robert alipomwandikia mkewe Amina lile shairi la maombolezo, umbali kati yao ulikuwa kaburi, na hakuna mwenye haki ya kumwambia angesogea karibu. Sisi tulichukua lugha ya umbali tukamwandikia mtu wa jirani. Kwa nini? Kwa sababu umbali ndio tulioutaka. Mtu aliye mbali hawezi kukucheka usoni. Hawezi kukuuliza swali. Anabaki picha, na picha haikatai.

Msidhani simu zimetuponya. Siku hizi kijana anampelekea msichana maneno matamu yenye maua na machweo, na juu yake simu yenyewe inaandika kwamba ujumbe huu umeshasambazwa mara nyingi. Afadhali hata sisi tulinakili kwa mkono.

Sasa lazima nitubu, maana nisipotubu mtasema najifanya mtakatifu. Nilipokuwa kidato cha tatu mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa, na nilikuwa fundi wa kuwaandikia wenzangu barua. Bei yangu ilikuwa maandazi mawili. Nilikuwa na barua moja kichwani, nabadilisha jina la mbele na jina la nyuma, mteja anaondoka anacheka. Wakati huohuo mimi mwenyewe nilikuwa nimemzimikia msichana mmoja wa mkondo mwingine, mwenyeji wa ng'ambo. Jina simtaji, ana maisha yake. Muhula mzima sikumwambia kitu.

Siku ya kufunga shule nikamfuata Mwigobero. Nilikuwa nimekesha nakariri maneno. Nikavuka zile hatua ishirini, sijui kwa miguu ya nani. Nilipofika mbele yake maneno yote yakayeyuka, na kilichonitoka mdomoni, mimi mtu wa rika lake, ni neno moja: "Shikamoo."

Akanitazama kwanza. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema. Wenzake waliokuwa wamekaa naye wakaangua kicheko mpaka wauza samaki wakageuka.

Kumbe aibu nayo ina mwisho wake. Ikishakwisha yote, mtu anakuwa mwepesi. Nikamwambia, "Nimekuja kukwambia kwamba nakupenda. Sikujua nianzie wapi."

Akanyamaza, anafuta vumbi kwenye kufuli la tranka. Kisha akasema, "Muhula huu nimepata barua tatu za watu watatu. Mwandiko mmoja. Ni wewe?"

Naam, ndugu msomaji. Maandazi sita nilikula.

"Ni mimi," nikasema, "lakini hazikuwa zangu."

"Najua," akasema. "Hata wao hazikuwa zao."

Akaniambia hapana. Alisema bila ukali kwamba anataka amalize shule, na kwamba hata bila shule hanifikirii kwa njia hiyo. "Lakini umekuja mwenyewe," akasema. "Asante." Kivuko kilipofika nikamsaidia kubeba tranka lake mpaka mahali pa kupandia, nikageuka nikarudi mjini kwa miguu. Sikufa. Usiku ule nilikula vizuri, ingawa nilikuwa nimejiandaa kisaikolojia kukosa hamu ya chakula.

Nimesoma wahakiki wengi tangu siku ile. Bado sijapata aliyenihakiki vizuri kuliko yule msichana juu ya tranka. Barua tatu, mwandiko mmoja: hilo ndilo kosa la rundo langu la hadithi. Waandishi tofauti, mitaa tofauti, mmoja wa Nyasho, mmoja wa Mwisenge, mmoja wa Bunda, lakini macho ni yaleyale ya kurembua na theluji ni ileile. Hakuna aliyekuja mwenyewe.

Kuna kitabu kingine napenda mkisome tena kwa jicho hili, na kimepita mikononi mwa mtu wa mkoa wetu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, aliyeanza kusoma hapahapa Mwisenge, alitafsiri tamthiliya ya Shakespeare akaiita *Mabepari wa Venisi*, ikatoka mwaka 1969. Tunaikumbuka kwa Shylock na ratili ya nyama. Tunasahau mkopo ule ulikuwa wa nini. Ulikuwa wa kijana anayekwenda kwa msichana! Bassanio anampenda Portia, lakini anaona hawezi kujitokeza mbele yake mikono mitupu, basi rafiki yake Antonio anamkopea dukati 3,000 na kuweka mwili wake rehani. Ni lile shati la kuazima, ndugu zangu, ila hili lilitaka kuua mtu.

Akifika huko anakuta masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Mmojawapo ndimo ilimo picha ya Portia. Anayekosea ameapa kwamba hatamposa mwanamke tena maisha yake yote. Mtukufu wa Moroko anachagua dhahabu, anakosa. Wa Aragon anachagua fedha, anakosa. Bassanio anachagua risasi, sanduku lisilo na sura, ambalo halimwahidi kitu ila linamdai atoe na kuhatarisha alivyo navyo vyote. Anapata. Hapo nakubaliana na Shakespeare na Mwalimu wote wawili: neno lisilopambwa ndilo lenye hatari, na kwa sababu hiyo ndilo lenye thamani. Lile "sikujua nianzie wapi" langu lilikuwa risasi tupu.

Lakini kuna jambo ambalo Portia mwenyewe analilalamikia mapema kabisa, nalo wengi tunalipita mbio. Analalamika kwamba hana ruhusa ya kumchagua amtakaye wala kumkataa asiyemtaka, kwa sababu marehemu baba yake ameshapanga. Yaani wote wanaongea na masanduku, yeye kakaa pembeni. Na huyu ndiye mwenye akili kuliko watu wote wa mchezo ule! Baadaye anavaa mavazi ya mwanasheria, anaingia mahakamani na kumwokoa Antonio kwa hoja. Sasa nawauliza wenzangu: katika hadithi zenu msichana ni Portia au ni sanduku? Anafunguliwa tu, au ana ulimi? Ujasiri wa kumkabili mtu haukamiliki kwa kusema. Unakamilika pale unapomwachia nafasi ya kukujibu, hata kama jibu lenyewe litakuangusha. Anayesema nakupenda huku amejiandaa kusikia ndiyo tu, huyo bado anaongea na picha.

Na dada zetu, mbona hamwandiki? Katika rundo langu hakuna hata hadithi moja ambayo msichana ndiye anayevuka zile hatua ishirini. Msiniambie haitokei. Inatokea, ila inafichwa, na kitu kinachofichwa hivyo ni mali ya mwandishi.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya kitoto, kwamba kijana mwenye kalamu aandike juu ya rushwa, njaa na UKIMWI. Nawaheshimu, lakini nawauliza: mmeisoma ile tamthiliya ya *Kilio Chetu*? Maradhi yamo, vifo vimo, lakini kilio chenyewe ni kwamba wazazi walikaa kimya na vijana wakajifundisha wenyewe gizani. Kijana asiyeweza kusema nakupenda bila kuazima maneno, na asiyeweza kusikia hapana bila kuvunja kitu, atasemaje yale mazito zaidi? Ataisemaje rushwa? Hatua ni zilezile. Kumkabili mkubwa anayekudai kitu kidogo nako ni kuvuka uwanja watu wakikutazama, na shati lako si lako.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Ukifika kwenye aya ya tatu usiruke. Punguza mwendo. Tuambie alianza na mguu gani. Tuambie alichokusudia kusema na alichosema kweli, maana tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo hadithi. Mwache achekwe. Mwache msichana afikiri kidogo kabla hajajibu, na ukimpa hapana, usimfanye mshenzi kwa sababu ya hapana yake. Theluji irudishe kwa wenyewe. Sisi hapa tuna ziwa, tuna dagaa wanaong'aa mchangani, na tuna meno ambayo mengine yana rangi ya maji ya kisima. Tuyaandike hivyohivyo.

Rundo la hadithi nimeshalirudisha kwa wenyewe. Sikusahihisha tahajia wala sikutoa maksi. Pale kwenye shimo tu, katikati ya aya ya pili na ya tatu, nimeandika kwa kalamu nyekundu swali moja: alisema nini? Mkishajibu, nileteeni tena. Nitakuwa naangalia mwandiko.